"VIMEOTA KAMA UYOGA"? Kumbe Uyoga Umetesa Watu Karne na Karne: Stori ya Wasiojulikana Walioutoa Porini Mpaka Chumbani Kwako

Hapa mjini kitu kikishazidi watu wanasema kimeota kama uyoga. Vibanda vya kubeti vimeota kama uyoga. Saluni zimeota kama uyoga. Vijiwe vya chipsi ndo usiseme. Yaani uyoga umekuwa mfano wa kitu kinachojitokeza chenyewe bila kuhangaikiwa: unalala kiwanja kitupu, unaamka kuna fremu sita.

Sasa mtafute mtu yeyote aliyewahi kuotesha uyoga nyumbani umpige na huo msemo. Atacheka kwanza, halafu atakuonyesha mifuko yake. Mmoja umegeuka kijani. Wa pili umekauka kama kiatu. Wa tatu unatoa harufu ambayo mwenye nyumba ameshaiulizia mara mbili. Wa nne ndo umetoa kishada kimoja, akakipiga picha akaweka status, na watu wakaandika "tajiri".

Ukweli ni kwamba kwenye orodha ya vyakula ambavyo binadamu amejifunza kuotesha, uyoga ni mmoja wa waliomsumbua zaidi. Mahindi unayaona: mbegu hii hapa, shimo hili hapa, fukia. Uyoga hauna mbegu ya kushika mkononi. Unatoa spora, vumbi laini ambalo jicho halioni hata punje moja yake. Kwa karne nyingi watu waliula, waliuuza, waliupenda, na bado hawakujua unatoka wapi.

Na hapo ndo stori inanoga. Ukiifuata historia ya uyoga unaoteshwa na watu utakutana na kitu kimoja kinachojirudia kila nchi: aliyegundua ni mtu wa kawaida ambaye jina lake halikuandikwa, na aliyetajirika mara nyingi ni yule aliyeshika mbegu. Shika hilo, maana mwisho wa stori linagusa mfuko wako.

MKULIMA WA KALE ALIKUWA HUKU HUKU

Mmoja wa wakulima wa mwanzo kabisa wa uyoga hakuwa Mchina wala Mfaransa. Alikuwa mchwa. Tena mchwa wa Afrika.

Wale mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa hawawezi kusaga mbao na nyasi kavu tumboni wakamaliza kazi peke yao. Wanachofanya ni kukusanya majani na vijiti, kuvila, kisha kutumia kinyesi chao kujenga kitu kama sega ndani ya kichuguu. Kwenye sega hilo wanaotesha aina ya kuvu. Kuvu hao wanalainisha chakula, na mchwa wanakula matokeo yake. Kichuguu chenyewe kina njia za hewa zinazosaidia ndani kusiwe na joto kali wala ukavu, na mchwa wanapambana na kuvu wengine wasije wakavamia shamba. Yaani wana chumba maalumu, wana unyevu, wana usafi, wana palizi.

Wanasayansi wanakadiria kwamba kilimo hicho kilianza kwenye misitu ya Afrika kama miaka milioni 30 iliyopita. Na ushahidi mmojawapo mkubwa umetoka Tanzania. Mwaka 2016 ilichapishwa ripoti kuhusu viota vya mchwa vilivyogeuka mawe, vilivyokutwa kwenye bonde la ufa la Rukwa, kusini magharibi mwa nchi. Ndani yake kulikuwa bado na masega ya kuoteshea kuvu. Umri wake ni kama miaka milioni 25. Binadamu hata dalili yake haikuwepo.

Mvua zikianza, kuvu wale wa mchwa wanapasua udongo na kutoa uyoga juu ya kichuguu. Huu ndo uyoga ambao wengi waliokulia kijijini wanauota mpaka leo: mtamu, mnene kama nyama. Zambia kuna jamaa yake ambaye kofia yake inaweza kufika upana wa mita moja. Mtoto anajikinga mvua.

Lakini jaribu kuupanda nyumbani uone. Haukubali. Bila mchwa wenyewe, na sega lao, na kichuguu chao, hautoi kitu cha maana. Uyoga mtamu kuliko wote una wakulima wake tayari, na hawauzi siri.

MTU NA SHOKA LAKE

Binadamu akaanzia kwenye magogo. Nchini China, kwenye milima ya mkoa wa Zhejiang, watu wanasimulia habari za mkata miti mmoja aliyeishi karibu miaka mia tisa iliyopita. Alikuwa akijaribu makali ya shoka lake kwenye magogo yaliyoanguka. Baada ya muda akagundua kwamba pale alipokata, ndipo uyoga wa shiitake ulipotokea kwa wingi. Akaanza kukata kwa makusudi.

Msimu mmoja uyoga ukagoma. Jamaa akakasirika, akalipiga gogo kwa hasira mpaka akachoka. Siku chache mbele, gogo likajaa uyoga.

Inawezekana ni hadithi tu iliyonogeshwa na wazee. Ila mbinu ni ya kweli. Wakulima wa shiitake hata leo wanagonga magogo, au wanayaloweka kwenye maji baridi, kuyashtua ili yazae. Kuvu akishtuka anahisi mambo yanabadilika, anaharakisha kutoa uyoga ili asambaze spora. Huyu mkata miti alikuja kujengewa hekalu akaombwa kama mlinzi wa wakulima wa uyoga. Ni mmoja kati ya wachache mno kwenye stori hii waliopata heshima yao. Wenzake maelfu waliokata magogo karne kwa karne, hakuna anayewajua.

Ng'ambo ya bahari, Japani, mambo yalikuwa ya presha zaidi. Wakulima walikata miti, wakayachanja magogo, wakayalaza kivulini karibu na yale yaliyowahi kuota. Halafu wakasubiri upepo. Kama spora zilitua, unavuna kwa miaka kadhaa. Kama hazikutua, umekata msitu wa kuni. Inasimuliwa kwamba wapo waliokopa pesa ya miti na wakafilisika kabisa kwa sababu upepo haukuleta kitu. Ilikuwa kubeti kabla ya kubeti, na mkeka wenyewe unasubiri mwaka mzima na zaidi.

MATIKITI YA PARIS

Sasa tuvuke mpaka Ufaransa, karne ya 17. Wakulima wa pembezoni mwa Paris walikuwa wanalima matikiti kwa ajili ya wenye pesa wa mjini. Ule mji ni baridi, tikiti linataka joto, kwa hiyo walikuwa wanalipandia juu ya rundo la samadi ya farasi. Samadi ikioza inatoa joto kali, na hilo ndilo lililokuwa hita yao.

Matikiti yakiisha, samadi ilibaki kama taka. Kwenye taka hiyo ukaanza kuota uyoga mdogo wa mviringo, ule ambao leo wengine wanauita uyoga vifungo. Wakulima wakauonja, wakauza, wakaona unalipa. Kuanzia miaka ya 1650 hivi wakawa wanautunza kwa makusudi. Mwaka 1707 msomi mmoja akaandika kitaalamu namna ulivyokuwa unaoteshwa: panga samadi, chukua vipande vyenye utando mweupe kutoka kwenye rundo la zamani, vichomeke kwenye rundo jipya, funika na udongo.

Cheki hapo. Msomi ana jina lake kwenye vitabu. Mkulima wa matikiti aliyeinama akauangalia uyoga juu ya taka zake, badala ya kuupiga teke, hana.

Na ule utando mweupe ndo ufunguo wa kila kitu. Uyoga unaokula ni kama embe tu, ni tunda. "Mti" wenyewe ni utando kama nyuzi za pamba unaotambaa ndani ya samadi, gogo au majani makavu. Ukiwa na utando ulio hai na safi, una uyoga. Ukiwa hauna, una samadi.

CHINI YA JIJI

Paris ilijengwa kwa mawe ya chokaa yaliyochimbwa chini ya Paris yenyewe, kwa hiyo chini ya mitaa kulibaki mapango na vichochoro vya kilomita nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 19 watu wakashtuka kwamba huko chini ndo kwenyewe. Joto halibadiliki, ni kama nyuzi 14 kiangazi mpaka baridi. Unyevu upo, na jua halifiki. Juu mjini farasi walikuwa kila kona wakivuta mikokoteni, kwa hiyo samadi ilikuwa haiishi.

Basi likazuka jeshi la wakulima wa gizani. Walishusha samadi kupitia mashimo ya machimbo, wakaipanga chini kama matuta marefu, wakafanya kazi na taa za mafuta, wakapandisha vikapu vya uyoga kwa ngazi na kamba. Mtu anakula kwenye mgahawa wa kifahari, na chini yake kuna mtu amepinda mgongo gizani anamvunia. Uyoga ule ukaitwa uyoga wa Paris, na jina hilo lipo mpaka leo. Jiji likapata jina. Waliopinda migongo hawakupata.

Baadaye mji ukatanuka, treni za chini ya ardhi zikataka nafasi, magari yakawaondoa farasi na samadi yao. Kilimo kikahamia kwenye mapango ya bonde la mto Loire. Somo likabaki: uyoga hauhitaji shamba. Unahitaji chumba.

Waingereza wakalidaka hilo. Kwenye majumba ya matajiri, watunza bustani walikuwa na banda maalumu la uyoga lenye rafu za mbao, moja juu ya nyingine. Miaka ya 1880 vilikuwa vinatoka vitabu vya kumfundisha mtu wa kawaida aoteshe kwenye banda la farasi au chumba cha chini ya nyumba. Hapo ndo uyoga ukaanza kuwa hobi. Mbegu yao ilikuwa tofali la samadi na udongo lililokaushwa, ndani yake umelala ule utando. Unavunja kipande, unapanda, unaomba Mungu.

CHINI YA MEZA ZA MAUA

Mwaka 1885 hivi, kwenye mji mdogo wa Kennett Square, Pennsylvania, Marekani, kulikuwa na wakulima wa maua waliokuwa na nyumba za vioo. Maua yalikaa juu ya meza, na chini ya meza kulikuwa na nafasi tupu, yenye kivuli na unyevu, ambayo walikuwa wanailipia joto bure. Roho ikawauma. Wakaagiza matofali ya mbegu kutoka Uingereza wakayapanda chini ya meza.

Ilifanya kazi kiasi kwamba baadaye uyoga ukayapiku maua. Leo Pennsylvania inatoa zaidi ya nusu ya uyoga wote unaolimwa Marekani, na mji ule unajiita makao makuu ya uyoga duniani. Vyote hivyo kwa sababu kuna mtu alikataa kupoteza nafasi ya chini ya meza.

Kitu kingine ambacho watu wengi hawajui ni kwamba ule uyoga mweupe wa kwenye pizza zamani haukuwa mweupe. Ulikuwa wa kahawia. Katikati ya miaka ya 1920, shamba moja la Pennsylvania lilikuta kishada cheupe pee katikati ya ule wa kahawia. Wakaukuza peke yake, wateja wakaupenda kwa sababu ulionekana msafi, na uyoga mweupe wa leo madukani ukaanzia hapo. Ule wa kahawia mdogo, ule mweupe, na ule mkubwa mpana unaouzwa ghali kwa jina la portobello ni aina moja ileile. Umri na rangi tu. Usiuziwe ukoo.

MBEGU IKAFUNGIWA KABATINI

Turudi kwenye mbegu, maana hapa ndo pesa ilipolala.

Yale matofali ya samadi yalikuwa na shida. Ndani yake, pamoja na utando wa uyoga, kulikuwa na wadudu, ukungu na magonjwa. Unanunua mbegu, unanunua na tatizo. Msimu mmoja unavuna mpaka unagawa kwa majirani, msimu unaofuata sifuri, na hujui umekosea wapi.

Miaka ya 1890, Taasisi ya Pasteur kule Paris ikafanikiwa kuotesha utando safi ndani ya chupa, bila uchafu. Ilikuwa mapinduzi. Lakini namna ya kufanya haikugawiwa kwa kila mtu. Taasisi ikaishikilia, na mkulima akabaki kuwa mnunuzi.

Miaka kama kumi mbele, watafiti wa Marekani wakaonyesha njia nyingine: kata kipande kidogo cha nyama ya ndani ya uyoga mzuri, kiweke kwenye chakula safi ndani ya chupa, kitatoa utando. Njia hiyo ikachapishwa wazi. Kuanzia hapo mtu yeyote mwenye chupa, moto na subira angeweza kuzalisha mbegu yake. Mwaka 1932 mtafiti wa chuo kimoja cha Pennsylvania akapata hati miliki ya kuotesha utando juu ya nafaka zilizochemshwa, na ndiyo maana leo mbegu ya uyoga unayouziwa inaonekana kama mtama au ngano iliyovaa pamba.

Japani nako kulikuwa na mwanafunzi aliyewaona wakulima maskini wakiyaomba magogo yao yatoe uyoga. Inasimuliwa kwamba picha hiyo haikumtoka kichwani. Miaka ya 1940 akaja na vipande vidogo vya mbao vilivyojaa utando: toboa gogo, gongomea kipande, subiri. Kubeti kukaisha. Watu hawakusubiri tena upepo.

MCHONGO WA MIAKA YA 1930

Sasa sikiliza hii vizuri.

Miaka ya 1930 Marekani ilikuwa hoi. Viwanda vimefungwa, watu hawana kazi, kila mtu anatafuta pa kushika. Kwenye magazeti na majarida ya wakati huo kulikuwa na matangazo madogo madogo: tengeneza pesa nyumbani kwako, otesha uyoga kwenye chumba cha chini ya nyumba au bandani, hakuna uzoefu unaohitajika, sisi tunakuuzia mbegu na tunanunua mavuno.

Umeisikia wapi hiyo?

Isome tena polepole kisha fungua simu yako. Maneno ni yaleyale, kilichobadilika ni gazeti kuwa intaneti. Na hesabu yake ni rahisi. Muuza mbegu analipwa siku ya kwanza. Mwenye chumba analipwa kama mbegu ilikuwa nzima, kama samadi ilioza vizuri, kama joto halikupanda, kama ukungu haukuingia, na kama yule aliyeahidi kununua bado anapokea simu. Mmoja kabeba faida, mwingine kabeba "kama" tano.

Haimaanishi kila muuza mbegu ni tapeli. Wapo wakweli, tena bila wao hakuna anayeotesha. Lakini historia inaonyesha kwamba watu wakiwa na njaa ya pesa, ndoto ya uyoga inauzwa kirahisi kuliko uyoga wenyewe.

VITA, VISIKI NA MAMAMA

Uyoga uliofanya hobi hii iwe ya kila mtu sio ule wa Paris. Ni huu unaoitwa mamama, wenye umbo kama chaza au sikio, unaotoka kwa vishada. Wajerumani walianza kujifunza kuuotesha kwenye visiki vya miti mwaka 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, watu wakiwa na njaa. Haukuzaliwa kwenye mgahawa. Ulitokea kwenye foleni ya chakula.

Uzuri wake hauchagui. Unakula majani ya mpunga, mabua ya mahindi, maganda ya pamba, maranda ya mbao, maboksi, hata mabaki ya kahawa. Hauhitaji samadi ya farasi wala pango la Paris.

Mwaka 2009 wanafunzi wawili wa chuo cha Berkeley, California, walisikia darasani kwamba uyoga unaweza kuota kwenye kahawa iliyokwisha kupikwa. Wakajaza ndoo kumi. Tisa zikafeli, moja ikaota. Kwa ile moja wakaanzisha biashara, wakauza uyoga kwa muda, halafu wakahamia kwenye kuuza maboksi ya watu kujioteshea wenyewe jikoni. Unaona? Hata hawa waliishia upande wa mbegu.

Kwetu huku, watafiti wa Tanzania walijaribu kuotesha uyoga wa asili kwenye mabaki ya mkonge, na mwaka 2008 wakachapisha kwamba inawezekana, mamama wa porini akiwemo. Mkonge ukikamuliwa nyuzi, sehemu kubwa ya jani inabaki kama taka. Taka zilezile, stori ileile ya matikiti ya Paris. Rwanda nako ilifika mbinu ya Wachina ya kuotesha uyoga kwenye majani badala ya kukata miti, na wakulima wadogo wakafundishwa.

KWA HIYO MTU WA CHUMBA NA SEBULE ANAFANYAJE?

Ukiiangalia, mbinu ya leo ya nyumbani ni mkusanyiko wa wote waliopita. Majani ya mpunga yanakatwakatwa, yanaloweshwa, yanachemshwa au kupigwa mvuke kwenye pipa kama saa moja au zaidi ili kuua wavamizi. Ndiyo ile Pasteur. Yanachujwa mpaka ukikamua kiganjani yanatoa tone moja moja tu. Yakipoa, yanapangwa kwenye mfuko wa nailoni: tabaka la majani, mbegu, majani, mbegu. Mikono isafishwe, kama mchwa. Mfuko unatobolewa matundu na kukaa gizani wiki tatu hivi mpaka uwe mweupe wote. Ndiyo yale machimbo. Kisha unapewa hewa, mwanga kidogo na maji ya kunyunyizia. Ndiyo ule mshtuko wa shoka.

Mambo mawili usiyasahau. Kwanza, mifuko isikae chumba unacholala, maana mamama akikomaa anamwaga spora nyingi na kifua kinaweza kukusumbua. Pili, kuotesha mwenyewe hakukufanyi mtaalamu wa porini. Kuna uyoga wa porini unaoua, na kuupika hakuondoi sumu. Ukiota kwenye mfuko kitu usichokifahamu, tupa.

Halafu kabla hujatoa hela ya "fursa", jiulize maswali matatu. Mbegu hii imetengenezwa lini na nani? Aliyeahidi kununua, ni nani alishauziwa akalipwa, na anaweza kukuonyesha? Na la mwisho, ambalo wengi wanaliruka: usipopata soko, utaula? Kama jibu ni ndiyo, anza na mifuko mitatu. Ukifeli umepoteza hela ya vocha. Ukifaulu una mboga, na una kitu ambacho huwezi kukinunua, ujuzi. Kama jibu ni hapana, na ulitaka kuanza na mifuko mia tatu ya mkopo, wewe ndo yule Mjapani anayesubiri upepo.

WASIO NA MAJINA

Msimu wa mvua ukipita barabara ya Iringa kuelekea Mbeya utawaona akina mama wameweka uyoga kwenye ndoo na sinia pembeni ya lami. Hawakusoma mahali. Waliambiwa na mama zao upi unaliwa na upi unaua, na mama zao waliambiwa na bibi zao. Huo ujuzi wa kujua tofauti uligharimu maisha ya watu fulani huko nyuma kabisa, waliokula kwanza ili wengine wajue. Hao nao hawana majina.

Mkata miti, mkulima wa matikiti, mpinda mgongo wa gizani, mwenye ndoo ya kumi, bibi wa kichuguuni. Hakuna hata mmoja ambaye uyoga ulimwotea tu. Kila mmoja aliinama, akaangalia taka iliyodharauliwa, akangoja. Kwa hiyo siku nyingine ukisikia mtu anasema kitu kimeota kama uyoga, muulize: umewahi kuotesha?

Na kwenu je, uyoga wa kichuguu mnauitaje kwa kilugha? Na nani alikufundisha upi unaliwa? Mtaje hapo chini, angalau huyo mmoja apate jina.